PCO2 ya 19 ilitakiwa iwe ngapi? Kusoma kipimo cha gesi za damu

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni afisa tabibu kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, upande wa pwani. Tulipokea dada wa miaka 24 mwenye kisukari tangu utotoni. Alikuwa anahema kwa nguvu, anatapika, tumbo linamuuma. Kifua kilikuwa safi na oksimita ya kidole ilisoma 98 bila oksijeni. Tulidhani nimonia inaanza, tukampa antibayotiki. Mwenzangu mmoja alisema anahema hivyo kwa sababu ya hofu, apumulie kwenye mfuko wa karatasi. Daktari wa zamu akaagiza gesi za damu. Karatasi ya kwanza: pH 7.09, PCO2 25, PO2 41, oksijeni iliyoshikwa na damu asilimia 57. Tukaogopa, tukachukua tena. Ya pili: pH 7.12, PCO2 19, PO2 112, baikaboneti 6, sodiamu 131, kloraidi 97, potasiamu 5.4, lakteti 1.9, sukari 28. Mgonjwa alipona, lakini mpaka leo sijaelewa. Karatasi ipi ilikuwa ya kweli? PCO2 ya 19 ina maana mapafu ndiyo yanaumwa? Na kipimo hiki kinaweza kutaja ugonjwa, au kinatupa namba tu?

JIBU: Marahaba, na hongera kwa kurudia kipimo badala ya kuiamini karatasi iliyowatisha. Karatasi zote mbili zilisema kweli, ila zilipima damu ya mishipa miwili tofauti. Ya kwanza ilitoka kwenye vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, ya pili kwenye ateri, unaoitoa moyoni. Ushahidi ni oksimita yenu wenyewe: kidole kinasoma 98, karatasi inasema 57. Mtu mwenye oksijeni ya asilimia 57 kwenye ateri hawezi kuwa anakujibu maswali huku kidole kinasoma 98. Karatasi na oksimita zikipishana hivyo, jambo la kwanza la kushuku ni kwamba sindano iliingia kwenye vena. Na ukizilaza karatasi zako mbili pamoja utaona kwamba kwenye jambo kubwa zinakubaliana: damu ina asidi nyingi mno.

Sasa tuisome ya pili. Viwango vinavyobandikwa ukutani unavijua: pH 7.35 hadi 7.45, PCO2 35 hadi 45, baikaboneti 22 hadi 26, PO2 80 hadi 100 kwa mtu wa pwani anayevuta hewa ya kawaida. pH hupima asidi, na hushuka asidi ikizidi. PCO2 ni shinikizo la kaboni dayoksaidi kwenye damu, PO2 ni la oksijeni, na zote hapa ni kwa milimita za zebaki. Mashine ikiwekwa kwenye kilopaskali, 19 yako itatoka kama 2.5, kwa hiyo angalia kizio kabla ya kitu kingine chochote. Kilopaskali moja ni milimita 7.5. Viwango hivyo vina kazi yake, lakini anayeishia hapo atapotea. Ukishika karatasi ya gesi zoea kujiuliza: kwa mgonjwa huyu, kwa hali aliyonayo, namba hii ilitakiwa iwe ngapi? Karibu kila kosa kubwa la kusoma kipimo hiki linatokana na kutouliza hivyo.

Anza na pH. 7.12, asidi imezidi. Kisha utafute aliyeileta. Hewa ya kaboni dayoksaidi ni asidi, na mapafu ndiyo yanayoitoa. Baikaboneti ni kizuia asidi, na inalindwa na figo. PCO2 ikipanda, pH inashuka. Baikaboneti ikishuka, pH inashuka pia. Kwa mgonjwa wako PCO2 iko chini, haiwezi kuwa ndiyo iliyoleta asidi. Ingekuwa peke yake, pH ingepanda. Baikaboneti iko 6. Hiyo ndiyo chanzo. Tunaiita asidosisi ya kimetaboliki, yaani asidi imetoka mwilini kwenyewe na si kwenye pumzi iliyobaki mapafuni.

Hapo ndipo swali lako la mapafu linapata jibu. Mwili ukijaa asidi, ubongo unaamuru mapafu yatoe kaboni dayoksaidi zaidi ili kupunguza mzigo. Mgonjwa anahema kwa kina na kwa nguvu, bila kupumzika, huku kifua ni safi. Adolf Kussmaul, daktari wa Ujerumani, aliielezea pumzi hii kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1874, na mpaka leo inabeba jina lake. Je, mapafu ya dada huyu yalifanya kazi ya kutosha? Kanuni ya Winters inakupa jibu kwa hesabu ya kichwani: zidisha baikaboneti kwa 1.5, ongeza 8, kisha ruhusu 2 juu au chini. Sita mara moja na nusu ni 9, ongeza 8 unapata 17. Kwa hiyo PCO2 ilitakiwa iwe kati ya 15 na 19. Yake ni 19. Mapafu yalikuwa mazima, yanapigana mpaka ukingoni mwa uwezo wake.

Sasa fikiria mfuko wa karatasi. Mgonjwa akipumulia mfukoni anairudisha ndani hewa aliyotoka kuitoa, na PCO2 inapanda. Hesabu ya kukagua karatasi ni hii: zidisha 24 kwa PCO2, gawanya kwa baikaboneti, unapata kiasi cha asidi kwa nanomoli. Kiasi cha 40 ni pH 7.40, 63 ni 7.20, 100 ni 7.00. Yake ilikuwa 24 mara 19 gawanya kwa 6, yaani 76, ambayo ni pH 7.12 kama mashine ilivyosema. Sasa ipandishe PCO2 kutoka 19 hadi 32 tu, namba ambayo wengi wangeiona "inakaribia kawaida". Unapata 128, na pH inaporomoka hadi 6.89. Hapo moyo uko hatarini kusimama. Mfuko wa karatasi, sindano ya usingizi ya kumtuliza, hata kumwekea mpira wa kupumulia na kuiacha mashine ikipumua mara 12 kwa dakika, vyote vinamfikisha huko. Nakusihi umwambie mwenzako jambo hili bila kumwaibisha, kwa sababu wengi wanafundishwa mfuko huo bila kuambiwa unaua nani. Kabla ya kumwita mgonjwa anayehema kuwa ana hofu, pima sukari na ujue pH yake.

Hesabu hiyo ya 24 ina kazi nyingine. Baikaboneti ya kwenye karatasi ya gesi mashine haiipimi. Inaikokotoa kutoka kwenye pH na PCO2. Mtu akikusomea namba kwa simu na hazikubaliani, mmoja wenu amesikia vibaya au amenakili vibaya.

Mlidhani pia ni nimonia. Hapo tumia PO2, lakini nayo uiulize ilitakiwa iwe ngapi. Kwa mtu wa usawa wa bahari asiyewekewa oksijeni, chukua 150, toa PCO2 iliyogawanywa kwa 0.8. Kumi na tisa gawanya kwa 0.8 ni karibu 24, kwa hiyo kwenye vifuko vya mapafu palikuwa na oksijeni ya 126 hivi. Damu ilikuwa na 112. Pengo ni 14. Kwa kijana wa miaka 24 tunategemea pengo la kama 10, na 14 si la kutisha. Nimonia kubwa ingelipanua pengo hilo. Zingatia kwamba PO2 ya 90, ambayo ukutani ni nzuri kabisa, kwa mgonjwa anayehema namna hii ingekuwa na pengo la 36, na hapo ungeagiza picha ya kifua haraka.

Ukihamishwa kwenda nyanda za juu, 150 hiyo iache pwani. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, shinikizo la hewa ni kama milimita 620 badala ya 760. Toa 47 za mvuke wa maji, zidisha kwa 0.21, unabaki na 120. Mtu mzima wa afya hapo anaweza kuwa na PO2 ya 70 na kitu bila ugonjwa wowote, na PCO2 yake huwa chini kidogo kuliko ya mtu wa Tanga. Mtu mwenye PO2 hiyohiyo ya 70 pwani ana tatizo.

Twende kwenye kutaja ugonjwa. Gesi peke yake imekupeleka mpaka kwenye asidosisi ya kimetaboliki ambayo mapafu yanaifidia ipasavyo. Kujua ni asidi gani, tumia chumvi zilizo kwenye karatasi hiyohiyo. Chukua sodiamu, toa kloraidi na baikaboneti: 131 toa 97 toa 6, unapata 28. Kawaida ni 8 hadi 12. Pengo hili la chumvi likipanuka, kuna asidi ngeni kwenye damu ambayo mashine haijaitaja jina. Mgonjwa akiwa amedhoofu na albumini yake, yaani protini ya damu, iko chini, ongeza 2.5 kwenye pengo kwa kila gramu moja ya albumini iliyopungua chini ya 4 kwa desilita. Ukisahau hapo, pengo pana litajificha.

Asidi ngeni ni chache na zinatafutika kitandani. Lakteti: yake ni 1.9, chini ya 2, ameponea hapo, si sepsisi ya kuangusha mzunguko wa damu. Figo zilizokufa: pima kreatinini. Ketoni, asidi zinazotokana na mwili kuchoma mafuta kwa kukosa insulini: kijiti cha mkojo, au tone la kidole kama mna mashine ya ketoni, ambapo 3 na kuendelea inathibitisha. Sumu: methanoli kwenye gongo au chang'aa iliyochakachuliwa, ambapo mgonjwa analalamika anaona ukungu, au aspirini nyingi. Kwa mgonjwa wa kisukari mwenye sukari ya 28 na pengo la 28, ketoni ndizo za kwanza kushukiwa, na kijiti kikiwa na misalaba miwili au zaidi umepata jina: ketoasidosisi ya kisukari. Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho ni kwamba kipimo cha gesi kinataja kinachotokea na ukubwa wake. Jina la ugonjwa linatoka kwenye gesi, chumvi, kijiti na mgonjwa mwenyewe vikiwekwa pamoja.

Hatua moja zaidi, ambayo wengi huiruka. Pengo lake limepanuka kwa 16 kutoka 12. Baikaboneti imeshuka kwa 18 kutoka 24. Namba hizo zinakaribiana, maana yake asidi ni ya aina moja. Kama baikaboneti ingeshuka kidogo sana kuliko pengo lilivyopanuka, ungeshuku kutapika kumemwondolea asidi ya tumbo. Na kama ingeshuka kupita kiasi, ungeuliza kuhusu kuhara, maana kuhara humwaga baikaboneti yenyewe na pengo linabaki la kawaida. Mgonjwa wa kipindupindu anaweza kuwa na pH ya 7.12 na kuhema vilevile, na dawa yake ni maji na chumvi.

Watoto nao usiwasahau. Mtoto wa miaka mitatu mwenye malaria kali anayevuta pumzi za kina mara nyingi huandikiwa nimonia. Akiwa na lakteti ya 5 na zaidi, au baikaboneti chini ya 15, hiyo ni malaria kali kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, hata kama bado anafungua macho.

Sasa nije kwenye sindano, maana karatasi yenu ya kwanza ilitokana nayo, na kusema kweli sampuli mbovu ni hatari kuliko kukosa sampuli. Kabla ya kuchoma, andika mgonjwa yuko kwenye oksijeni kiasi gani. Kama umeibadilisha, subiri dakika 20 hadi 30. Karatasi isiyo na kiwango cha oksijeni juu yake PO2 yake haisomeki.

Mlaze mkono kiganja kikitazama juu. Weka gozi iliyoviringishwa chini ya kifundo cha mkono ili kiganja kianguke nyuma kidogo. Ukikizidisha, ateri inabanwa bapa na mapigo yanapotea. Mwambie akunje ngumi, bana ateri zote mbili za kifundo, afungue kiganja kikiwa cheupe, kisha achia ile ya upande wa kidole cha mwisho. Rangi ikirudi ndani ya sekunde 15, kiganja kina njia nyingine ya damu. Usipoona rangi ikirudi, hamia mkono wa pili. Usichome palipo na maambukizi ya ngozi wala mkono wenye mshipa wa dayalisisi.

Kuchoma ateri kunauma sana, na mgonjwa anayeumia anabadilisha pumzi yake, kwa hiyo namba unayoitafuta inabadilika mbele ya macho yako. Kwa aliye na fahamu, nusu mililita ya lidokeini ya asilimia 1 isiyo na adrenalini chini ya ngozi ni haki yake. Vuta kidogo kabla ya kuisukuma, kuhakikisha hauko ndani ya mshipa. Subiri dakika moja au mbili.

Weka ncha za vidole viwili juu ya mapigo, uache nafasi ndogo kati yake. Ingiza sindano ya geji 23 kati ya vidole kwa nyuzi 45, tundu likitazama juu, ukielekea kwenye bega. Nenda polepole. Ukiingia kwenye ateri, damu hupanda yenyewe ndani ya bomba, ikiruka na kila pigo. Damu isiyopanda mpaka uivute ndiyo iliyowapa asilimia 57. Rangi isikudanganye, damu ya ateri ya mtu aliyekosa oksijeni ni nyeusi, na kwa mwenye shinikizo la chini la damu hata ateri haitaruka vizuri, ndiyo maana karatasi lazima ilinganishwe na oksimita. Ukikosa, rudi nyuma mpaka chini ya ngozi ndipo ubadilishe mwelekeo. Kuchokonoa ndani kwa pembeni kunachana mshipa.

Ukitoa sindano, gozi na kidole juu ya tundu kwa dakika 5 kamili, zaidi kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Hii kazi inataka watu wawili, na wodi nyingi zinakwama hapa: mmoja anabana, mwingine anakwenda na bomba kwenye mashine. Mtu mmoja akifanya yote, ama mkono unavimba ama sampuli inazeeka.

Bomba liwe na heparini kavu ya kiwandani, dawa ya kuzuia damu kuganda, ikipatikana. Kama mnatumia heparini ya maji, lowanisha kuta za bomba kisha isukume yote itoke, ibaki ile ya kwenye shingo ya sindano tu, na uchukue damu isiyopungua mililita 2. Ukiacha mililita 0.2 ya heparini ndani na ukachukua mililita moja ya damu, sampuli imechanganywa na maji kwa karibu moja ya sita: PCO2 na baikaboneti zinasoma chini kwa uongo, na kalisiamu nayo inashuka. Umemtengenezea mgonjwa ugonjwa asio nao.

Kisha hewa. Shika bomba wima, ligonge, toa viputo vyote mara moja kabla ya kuchanganya, hata kile kidogo kilichojificha shingoni. Kiputo kinaivuta PO2 kuelekea 150 na kuishusha PCO2. Funga kwa kifuniko. Sindano iende kwenye boksi la usalama, isirudishiwe kofia yake kwa mikono miwili. Viringisha bomba kati ya viganja na uligeuze juu chini mara kadhaa. Donge dogo la damu likiingia kwenye mashine linaweza kuizima kwa siku nzima, na hilo linawagusa wagonjwa wote wanaofuata.

Pima ndani ya dakika 10, isizidi 30. Chembe za damu ziko hai ndani ya bomba, zinaendelea kula oksijeni na sukari na kutoa asidi. Lakteti inapanda, sukari inashuka, na kwa mwenye saratani ya damu PO2 inaporomoka haraka sana. Bomba la plastiki usiliweke kwenye barafu. Oksijeni hupenya plastiki, na baridi inalizidisha jambo hilo. Barafu ni ya bomba la kioo. Potasiamu nayo iangalie kwa mashaka kidogo: chembe zikipasuka wakati wa kuvuta kwa nguvu, potasiamu inapanda, na kwenye damu nzima huwezi kuona wekundu wa kupasuka kama maabara wanavyouona kwenye seramu.

Mashine za mkononi zina tabia zake. Nyingi hukataa kufanya kazi chumba kikizidi nyuzi 30, na pwani mwezi wa Februari hiyo ni karibu kila mchana. Katriji ikitoka frijini iachwe ifike joto la chumba kwanza, kwa muda ulioandikwa kwenye kijitabu chake.

Nirudi kwenye namba zinazodanganya kwa kuonekana nzuri, kwa sababu hapa watu wanakufa. Mgonjwa wa pumu aliyebanwa vikali anahema mara 35 kwa dakika. PCO2 yake ilitakiwa iwe chini, 30 hivi au pungufu. Karatasi ikisema 40, mtu wa zamu anafurahi: kawaida. Hapana, huyo amechoka. Misuli ya kifua inashindwa, na baada ya muda mfupi itakuwa 60. Mwite daktari wa usingizi sasa hivi.

Mzee mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, kwa mfano aliyepikia kuni chumbani au kuvuta sigara miaka 40, anaweza kuwa na PCO2 ya 60 akiwa ameketi anakunywa chai. Tazama baikaboneti. Kila 10 za PCO2 zilizozidi 40, figo huongeza baikaboneti kwa 1 tu ikiwa tatizo ni la leo, na kwa karibu 4 ikiwa ni la siku nyingi. PCO2 60 na baikaboneti 26, pH 7.26: la leo, hatari. PCO2 60 na baikaboneti 31, pH 7.33: la siku nyingi, mpe oksijeni kwa kipimo, oksimita ikae 88 hadi 92, usimfungulie mtungi wote.

Baikaboneti kubwa kama hiyo iliwahi kuwapoteza madaktari wa mji mzima. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulikumbwa na polio, na kwenye hospitali ya Blegdam wagonjwa waliopooza walionekana na kaboni dayoksaidi nyingi kwenye damu, iliyohesabiwa kuwa ni alkalosisi, yaani upungufu wa asidi, isiyojulikana chanzo. Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi, alisema wanakufa kwa kushindwa kuitoa hewa hiyo. Tarehe 27 Agosti alimpumulia kwa mkono msichana wa miaka 12 kupitia tundu la kooni, na hali yake ikageuka. Poul Astrup wa maabara alipima pH, akakuta ni asidi. Wanafunzi wa udaktari wakapangwa kwa zamu kubana mifuko ya hewa usiku na mchana, na vifo vikapungua sana. Mashine mnayoitumia ilizaliwa kutokana na miaka hiyo: elektrodi ya oksijeni ya Clark mwaka 1956, na mashine ya elektrodi zote tatu ya Severinghaus mnamo 1958. Ndiyo maana baikaboneti bila pH haitoshi kumtibu mtu.

Na moja ya nyumbani kwetu: jiko la mkaa lililolazwa ndani chumba kikiwa kimefungwa. Mgonjwa anakuja kichwa kinamuuma, analewalewa. Oksimita ya kidole inasoma 99, PO2 ni ya kawaida, na bado damu yake haibebi oksijeni kwa sababu imeshikwa na monoksaidi ya kaboni. Mashine za gesi zenye kipimo cha aina za himoglobini zitaonyesha. Oksimita ya kidole ya kawaida haitaonyesha kamwe. Mpe oksijeni kwa wingi bila kusubiri karatasi, na damu ya vena inatosha kwa kipimo hicho.

Vena inatosha pia kumfuatilia mgonjwa wako wa ketoni. pH ya vena huwa chini kwa takriban 0.03 tu, kama ulivyojionea: 7.09 na 7.12. Hakuna sababu ya kumchoma ateri kila saa mbili. Fuatilia pengo la chumvi badala ya baikaboneti peke yake. Baada ya lita kadhaa za dripu ya chumvi ya 0.9% kloraidi hupanda, na baikaboneti inabaki 15 au 16 hata ketoni zikiwa zimekwisha. Anayeangalia baikaboneti tu ataendelea kumwaga insulini bure. Potasiamu ya 5.4 nayo ulitakiwa kuiona ndogo kuliko inavyoonekana, kwa kuwa asidi na ukosefu wa insulini vimeisukuma nje ya chembe, na mwili mzima una upungufu. Insulini ikianza itashuka kwa kasi. Ikiwa chini ya 3.5, jaza potasiamu kwanza kabla ya insulini. Baikaboneti ya kuchoma haikuwa na nafasi kwake. Tunaifikiria pH ikiwa chini ya 7.0.

Antibayotiki mliyompa isikusumbue moyo. Maambukizi ni moja ya visababishi vikubwa vya ketoasidosisi, na ilikuwa sawa kuyatafuta kifuani, kwenye mkojo na kwenye ngozi, pamoja na kupima ujauzito. Lakini kuna kisababishi kimoja ambacho hakuna mashine itakayokuchapishia, na kwa kijana mwenye kisukari cha utotoni ndicho cha kuuliza mapema, akiwa peke yake na kwa upole: insulini yake iliisha lini, na mara ya mwisho alipata wapi.